Mwanafunzi wa Basha

Algiers, 14 Septemba 1985

Mwanangu Nwara,

Pokea salamu za nyumba nzima, yaani mimi, ndege, na bomba la jikoni ambalo siku hizi linakohoa kwa muda mrefu kabla ya kutoa chochote. Magoti yananikumbusha ngazi zote nilizopanda kwenda chumba cha mashine kule sinema, lakini vingine vyote mwilini vipo mahali pake. Wasiwasi wangu ni wewe na huo mchanga. Uliandika kwamba Timimoun nyumba ni nyekundu na watu ni wapole. Watu wapole nawajua, nimewaonyesha kwenye kitambaa cheupe maisha yangu yote. Huwa hawafiki mwisho wa filamu. Funga mlango ukilala.

Mtaani hakuna jipya. Khelifa wa mkahawa wa chini amenunua chiriku mwingine na amemshonea pazia la hariri, kama bibi harusi. Anakusalimu. Anauliza kama huko jangwani kuna ndege. Nimemwambia wapo, ila wana akili, hawakai.

Sasa lile lililonifanya nitafute kalamu. Chiriku wetu Basha amepukutisha manyoya kama kila kiangazi, lakini safari hii hayarudi. Kifuani ana upara. Anakaa amejivimbisha kama mtu aliyeazima koti la kaka yake. Na akivuta pumzi kuna kitu kinabofya ndani, tk, tk, kama mkanda wa filamu uliokatika wakati gurudumu bado linazunguka. Nimemwacha palepale jikoni, juu ya mtungi, pale mama yako alipo—

Palepale.

Anakula kidogo. Mluzi wake bado anaupiga, asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Sauti tatu, ya mwisho inapanda. Unaujua.

Niambie kama blanketi lilifika.

Baba yako, Zubir


Timimoun, 9 Oktoba 1985

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, miguu juu ya kigoda, si kwenye ngazi. Mimi ni mzima. Blanketi lilifika na nilicheka, kwa sababu huku mwezi wa kumi watu bado wanalala juu ya paa. Lakini Lalla Mbarka, mwenye nyumba wangu, ameniambia nisicheke, baridi ya huku inakuja bila kubisha hodi. Amelishika blanketi, akalinusa, akasema, "Hili limetoka kwenye nyumba safi." Kisha akaniuliza kwa nini sijaolewa. Kila mazungumzo yake yanafika hapo, yaanzie popote. Juzi tulianza na bei ya karoti.

Shule imefunguliwa. Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati, kwa hiyo wanaokaa chini wanabadilishana na wanaokaa juu, na wote wanapenda zaidi chini, kuna ubaridi. Nawafundisha kusoma. Wananifundisha kutembea mchangani bila kuchoka.

Kuhusu huyo ndege: mpe yai la kuchemsha, uliponde kabisa, na jani la saladi lililooshwa. Usimweke kwenye upepo wa dirisha. Mpeleke kwa daktari wa wanyama. Usimpe dawa yako ya kifua, Baba. Nakujua.

Likizo ya Desemba sina hakika nayo. Basi linachukua muda na barabara ina mchanga.

Binti yako, Nwara


Algiers, 28 Oktoba 1985

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na nimekaa kitako kuisoma, kama ulivyoagiza. Lalla Wrida wa ghorofa ya pili anakusalimu na anauliza kama umeolewa. Naona yeye na huyo Lalla Mbarka wako wangeandikiana wenyewe, sisi tukapumzika.

Nimekwenda kwa daktari wa wanyama. Nililifunga tundu la Basha kwenye kitambaa, nikapanda basi mpaka nje ya mji, maana huku mjini daktari wa kweli hayuko. Ofisini palikuwa na picha ya ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari. Daktari ni kijana mstaarabu. Alimtazama Basha, akanitazama mimi, akaitazama picha yake, akasema, "Mzee wangu, hapa mimi sina kifaa kinachoingia." Akaweka sikio kwenye tundu, akasikiliza ile tk, tk. Akasema ni kifua, na ni umri, na kwamba atakuwa anapungua taratibu. Akanipa unga wa kuchanganya na maji. Akakataa malipo. Daktari akikataa malipo ujue tayari amekujibu.

Nilirudi nikapitia kwa Khelifa. Nikamwambia Basha anakwenda, na akienda anakwenda na mluzi wa marehemu mke wangu Yamina. Khelifa akasema mbele ya wateja wote, "Acha hizo, bwana sinema. Chiriku haigi mtu. Anaiga chiriku mwenzake, basi. Wewe umekaa gizani mpaka masikio yameota ukungu."

Nikamwambia, kaa, lete kahawa. Nikamsimulia. Najua hadithi unaijua, umo ndani yake, lakini niliisimulia vizuri na sitaki ipotee, kwa hiyo soma.

Nilimwambia kwamba mtaani kwetu mama hawezi kusimama roshani akapayuka jina la binti yake mbele ya wanaume wote wa mkahawa. Wenzake walikuwa wakimtuma kaka mtu. Wewe kaka huna. Basi Yamina akawa anajibanza nyuma ya shuka zilizoanikwa na kupiga mluzi, sauti tatu, ya mwisho ikipanda, na wewe pale kwa muoka mikate unatupa kamba ya kuruka na kukimbilia ngazi. Siku moja Lalla Wrida akamsimamisha: "Yamina, dada yangu, kwenu nasikia mwanamke anapiga mluzi. Mwanamke akipiga mluzi malaika wanahama nyumba." Mama yako, uso mkavu kabisa, akamjibu, "Ni ndege."

Na ndege hatukuwa naye. Ikabidi mimi nishuke sokoni siku hiyohiyo kutafuta ndege, ili mke wangu asiwe mwongo.

Ndiyo Basha akaja. Akakaa jikoni kwetu muda mrefu akitoa kelele za kawaida za chiriku. Kisha asubuhi moja akaupiga, wote, na ile ya mwisho ikapanda. Mama yako aliacha kijiko kikazama kwenye mchuzi. Akanigeukia. "Umesikia? Si nilisema ni ndege?"

Khelifa alikusanya vikombe. Kisha akasema, "Kahawa leo hailipwi." Halafu, kwa kuwa moyo wake ni mzuri ukipita mdomo, akaingia nyuma akanitolea kachiriku ka mwaka huu, hata uso haujawa mwekundu, kaliangukia upande mmoja wa kiota na kwa hiyo kamepinda kidogo. "Kachukue. Kanyime sauti nyingine zote. Kasikie huyo Basha wako peke yake mpaka majira yageuke. Kakishika, kameshika. Kakisikia kitu kingine, usinirudie."

Kwa hiyo sasa nina shule, kama wewe. Matundu mawili, bega kwa bega, yamefunikwa kitambaa ili mwanafunzi asikie bila kuona. Madirisha ya upande wa mtaa nimeyafunga. Redio nimeipeleka kwa Lalla Wrida, maana mwanafunzi akiokota wimbo wa tangazo la sabuni ndiyo basi. Mpira siusikilizi. Viatu navua mlangoni. Sufuria nazifunga vitambaa. Nakohoa chooni.

Mluzi uko kwa Basha peke yake, Nwara. Mimi na meno haya ya bandia nikijaribu naambulia upepo na mate. Wewe hujawahi kuupiga. Wewe ulikuwa unaitwa.

Kanyamavu bado. Nakaita Mdogo.

Baba


Algiers, 30 Novemba 1985

Mwanangu,

Sijapata barua yako, lakini posta wanasema mvua imekata barabara ya kusini. Posta kila mwaka wana mvua yao. Nakuandikia hivyohivyo. Mimi mzima. Lalla Wrida ameniletea tamina ya Maulidi, ule unga uliokaangwa kwa siagi na asali, asali imezidi, nimeila yote mlangoni ili tusizungumze ndani.

Unajua Maulidi ya mtaani kwetu. Mtu akiona watoto na fataki zile atadhani Mtume alizaliwa vitani. Nilijiandaa. Niliziba madirisha kwa magodoro, lako na letu. Matundu niliyapeleka bafuni, nikayaweka ndani ya beseni kubwa, nikafunika kwa lile koti la mama yako la baridi, zito. Nikakaa sakafuni nayo. Mdogo alitulia. Lakini kuna mjinga aliwasha kitu kwenye ngazi zetu, ndani, na jengo zima likaruka. Niliponyanyua koti, Basha alikuwa chini kwenye mchanga wa tundu, amelala ubavu.

Hakufa. Alisimama kesho yake. Ila tangu siku hiyo mluzi wake umebadilika. Anapiga ya kwanza, ya pili, kisha pale pa kupanda pumzi inamwishia. Mara anafika juu, mara hafiki. Na mwisho kunatoka mkwaruzo, kama kiti kinavutwa kwenye saruji.

Khelifa alipanda kusikiliza. Alikaa jikoni na soksi, kofia mkononi, kama yuko kwa mgonjwa wa kibinadamu. Tulipotoka nje akaninong'oneza ngazini. "Watenganishe leo. Mwanafunzi haelewi kipi ni wimbo na kipi ni ugonjwa. Atabeba vyote."

"Nikiwatenganisha sasa atakuwa amebeba nini?"

"Pengine nusu. Lakini nusu safi."

"Na Basha?"

"Basha atapumzika, bwana. Ameshafanya kazi yake." Akavaa viatu. "Chiriku mwenye mkwaruzo hafai hata kukaa mtaa mmoja na wenzake. Wanaambukizana. Watu watakufungia madirisha."

Nimejaribu. Nilimhamishia Mdogo chumbani kwako. Basha alipoona kimya upande wa pili, akaanza kuita. Akiwa na mwenzake anaita asubuhi na jioni. Peke yake aliita mchana kutwa, na kila akiita pumzi inapungua. Mpaka nikamrudisha Mdogo. Akanyamaza.

Sijui lililo bora. Niandikie. Tangu mazishi hujapanda ngazi hizi, sikulaumu, safari ya basi ni ndefu. Lakini andika.

Baba


Timimoun, 12 Desemba 1985

Baba yangu,

Barua zako mbili zimefika siku moja, zimelowana, nimezianika kwenye kamba kama nguo. Mimi ni mzima. Baridi imekuja kama alivyosema Lalla Mbarka, na blanketi sasa ni la watu wawili, mimi na mwanawe mdogo mwenye homa. Watoto darasani wanavaa soksi mikononi. Namshukuru Khelifa kwa moyo wake. Mshukuru na Lalla Wrida, na mwambie bado.

Nitakwambia moja kwa moja, Baba, usichukulie vibaya. Huyo ni mgonjwa, si mwalimu. Watenganishe. Mpe joto, mpe maji yenye ule unga, mwache anyamaze. Kama anaita akiwa peke yake, kaa naye wewe. Ondoa kitambaa, fungua redio, mwekee mpira, mwache asikie dunia. Unamfungia yeye na unajifungia na wewe. Umeandika kwamba unakohoa chooni.

Unataka huo mluzi ubaki kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili yangu, mimi ndiye niliyekuwa naitwa, umesema mwenyewe. Basi aliyeitwa anakwambia uache.

Desemba sitaweza kuja. Kuna mitihani.

Nwara


Algiers, 2 Januari 1986

Mwanangu,

Mwaka mpya umeingia na haukuleta maji. Tunajaza ndoo yanapotoka, na yanapotoka ni saa ambazo hata mwadhini anashangaa. Lifti imekufa rasmi. Wameibandika karatasi, kwa hiyo sasa hatulalamiki, tunasoma. Lalla Wrida amevunja kidole cha mguu kwa kupiga teke ndoo yake mwenyewe na analaumu serikali. Sinema yangu ya zamani wameipaka rangi ya kijani. Nilipita nikaitazama. Kijani.

Nimekuwa nikinunua mkate mmoja. Zamani nilinunua miwili kwa mazoea na mmoja unakauka. Sasa nanunua mmoja.

Barua yako ilifika, nimeisoma, na ushauri wako ni mzuri. Ila ilifika Basha ameshakufa.

Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nachemsha maji. Aliupiga, nikasikia ya kwanza na ya pili. Nikasimama na kiberiti mkononi nikisubiri ya tatu. Kiberiti kikaniunguza. Nilipofunua alikuwa bado kwenye kijiti, amekishika, kichwa kimeinama kama anayesoma. Ilibidi nimbandue vidole.

Nimemzika kwenye chungu cha mrehani, roshani. Mrehani wenyewe ulikuwa umekauka tangu mwaka jana, lakini udongo ni mzuri.

Sijalia, usije ukafikiri. Niliosha kikombe chake cha maji, nikaosha na cha kwangu, nikavifuta, nikaviweka pamoja. Kisha sikujua kingine cha kufanya, nikavitoa nikaviosha tena.

Tundu lake nimelirudisha palepale, juu ya mtungi, na nimelifunika kitambaa kama kawaida. Khelifa anasema mwanafunzi akijua mwalimu hayupo anakata tamaa na hatoi kitu. Kwa hiyo Mdogo hajui. Asubuhi natia maji kwenye tundu tupu ili asikie maji yakimiminwa. Nasema, "Sabalkheri, Basha," kama zamani. Nafanya hivyo bila shida. Mikono inafanya, mimi naitazama.

Usiulize kuhusu redio. Bado iko kwa Lalla Wrida.

Baba


Algiers, 20 Februari 1986

Mwanangu,

Tende zimefika, na ni nzuri, laini kama zile alizokuwa akitumiwa babu yako na watu wa Touggourt. Nimempa Khelifa, nimempa Lalla Wrida, kidole chake kimepona lakini anaendelea kuchechemea tukimtazama. Barua haikuwemo. Nilitikisa boksi. Nikafungua na tende kadhaa, kwa sababu katika filamu huwa wanaficha humo. Palikuwa na kokwa.

Hujaniandikia tangu nilipokwambia habari za Basha. Sikusukumi. Naeleza tu yaliyomo kwenye boksi.

Mdogo ameanza. Mwanzoni alikuwa anasaga sauti kooni, kama mtu anayezungumza usingizini, yasiyoeleweka. Uso wake sasa ni mwekundu. Wiki hii, asubuhi, nikiwa navaa soksi, alitoa sauti ya kwanza. Kisha ya pili. Safi, Nwara, kama zimekatwa kwa mkasi. Nilibaki na soksi moja.

Halafu pale pa ya tatu, ukatoka mkwaruzo. Kiti kwenye saruji. Kisha kimya.

Nikadhani anajaribu tu. Lakini anapiga hivyohivyo kila mara, bila kukosea. Moja, mbili, mkwaruzo. Amejifunza kwa bidii sana. Amejifunza Basha alivyokuwa anakufa, na anauimba ugonjwa ule akiwa mzima wa afya, kifua mbele, kajivuna.

Khelifa alipanda. Alisikiliza. Nilimwona anatafuta neno na kwa kawaida hahitaji kutafuta.

"Mzee Zubir," akasema, hakusema bwana sinema. "Huyu ameshafunga wimbo. Habadiliki tena."

"Sawa."

"Mtu mwingine angemfungulia dirisha. Nakupa mwingine mwaka huu, wa kiota kizuri."

"Wa kumfundisha nini?"

Akatazama tundu la Basha lililofunikwa. Akavaa viatu, hakufunga kamba.

Nimefungua madirisha. Magodoro nimeyarudisha vitandani. Tundu tupu nimelifunua, na Mdogo aliliangalia, akajikuna, akaendelea kula. Yeye hakuwahi kumwona Basha. Labda alifikiri ni kitambaa ndicho kinachoimba.

Jana nilikaa mbele ya kioo nikajaribu ile ya tatu, ile ya kupanda. Nikiwa na meno unatoka upepo. Nikiyavua unatoka upepo zaidi, ila ndani yake kuna kitu chembamba. Nikajiona nachekesha, nikayarudisha.

Redio nimeichukua. Betri zimekufa.

Baba


Timimoun, 5 Machi 1986

Baba yangu,

Salamu kwako na kwa wote wa ngazi zetu. Mimi ni mzima, mwana wa Lalla Mbarka amepona, na upepo wa mchanga umeanza kwa hiyo ukiona karatasi inakwaruza si mwandiko wangu. Darasani mtoto wangu mmoja aliyekuwa hatambui herufi hata moja amesoma jina lake kwenye ubao, akakataa kukaa chini mpaka wenzake wote walisome.

Boksi lile niliandika barua, nikaitoa. Nikaandika nyingine, nikaitoa. Basi la mizigo lilikuwa linapiga honi, nikafunga tende peke yake.

Uliuliza mara nyingi bila kuuliza, kwa hiyo nijibu. Asubuhi ile baada ya mazishi ya Mama, nyumba imejaa wageni wamelala sakafuni, mimi nilikuwa kitandani kwangu. Ndege akaita. Nikainuka. Baba, nilikuwa nimeshavaa viatu na nimeshafika jikoni, nimeshafungua mdomo kusema "nimekuja." Palikuwa na mtungi na tundu. Mwezi uliofuata nafasi ya huku ilipotangazwa, hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka, nikaitaka.

Kwa hiyo nilipokwambia uache, sikuwa namtetea mgonjwa. Nilitaka anyamaze. Sasa amenyamaza na nimekaa hapa na sihisi chochote, nasahihisha madaftari, nakula, nalala. Nilidhani nitapumua. Juzi mtu alipiga mluzi sokoni akimwita punda wake, sauti mbili tu, nikasimama katikati ya watu nikisubiri ya tatu kama ulivyosimama wewe na kiberiti. Punda akaenda. Mimi nikabaki.

Nakuja likizo ya majira ya kuchipua. Basi linafika Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu, alasiri. Usije kunipokea kituoni na magoti hayo.

Nitasimama pale kwa muoka mikate. Sitabisha, sitapanda peke yangu. Sijui kama nitaweza kupanda. Mweke huyo Mdogo roshani, na mkwaruzo wake, nimsikie kutoka pale. Nikishindwa nitalala kwa Shangazi Hadda, na wewe hutaniuliza kitu.

Nwara


Algiers, 12 Aprili 1986

Mwanangu,

Natumaini basi lilikufikisha ukiwa na mifupa yote na kwamba Lalla Mbarka ameridhika na ile sabuni uliyomnunulia huku. Mimi mzima. Umesahau kitambaa chako cha kichwa nyuma ya mlango. Nimekiacha hapo, kinakaa vizuri. Mkate nimeanza kununua miwili tena na unakauka tena. Nautia kwenye supu.

Mrehani ulioupanda umeshika. Khelifa anasema ni mbolea. Nimemkumbusha ni mbolea ya nani, akavua kofia.

Nasikia mtaa mzima ulikuona Alhamisi ile umesimama kwa muoka mikate na begi lako, unajifanya unachagua mkate, na yule muoka anakuuliza mara ya tatu kama unataka wa shayiri au wa ngano. Mimi sikukuona. Nilikuwa nyuma ya shuka. Nilikuwa nimefua.

Mdogo alifanya kazi yake. Alipiga ya kwanza, akapiga ya pili, akaweka na mkwaruzo wake, hakubania. Kisha kukawa kimya, na mkahawa mzima chini umekaa kimya, maana Khelifa aliwaambia atakayegonga kikombe hatarudi tena. Kisha ikaja ya tatu. Haikuwa nzuri. Ilikuwa nyembamba na ina upepo ndani yake, lakini ilipanda. Nikasikia viatu vyako ngazini, mbio, kama zamani, na begi likigonga kila pembe.

Mezani uliniuliza nani alimalizia. Nikakwambia nipitishie chumvi. Ukaniangalia mdomo, ukaipitisha.

Jana Lalla Wrida alinisimamisha palepale alipomsimamisha mama yako, na kile kidole chake amekiweka mbele kama ushahidi.

"Mzee Zubir, kaka yangu, samahani. Alhamisi ile hapo kwenu roshani nilisikia mtu mzima anapiga mluzi. Na leo nakuona huna meno mdomoni."

Meno nilikuwa nimeyaacha kwenye glasi, jikoni, karibu na tundu. Siku hizi asubuhi nafanya mazoezi na Mdogo, kabla ya chai.

Nikamwambia, "Ni ndege."

Baba yako, Zubir